Mguu Hufuata Mkono

Mjomba alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti, mwezi wa pili. Kufikia mwezi wa sita alikuwa ameshajua kwenda dukani na kurudi kwa mguu wa bandia bila kushika ukuta. Mguu ulichukuliwa na kisukari. Hasira aliitafuta mwenyewe. Alikuwa amefundisha kuimba katika shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya wafanyakazi wa hospitali, hospitali ileile iliyomkata. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mwalimu, hata na watu waliomzidi umri.

Aliyemwita Mjomba alikuwa mpwa wake, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye wenzake walimbandika jina la Waya, kwa sababu hakuonekana bila waya wa aina fulani kuning'inia shingoni. Waya alitengeneza muziki wa matangazo na michezo ya redio katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama yake. Chumbani mlikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa godoro, kompyuta, spika mbili, na kinanda kirefu chenye vibonyezo themanini na nane ambacho chenyewe hakikuwa na sauti hata moja. Ukikipiga bila kompyuta unasikia plastiki ikigonga plastiki, basi. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari: kibonyezo hiki kimeshuka, kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimepanda. Habari hizo mafundi huziita midi. Kompyuta ndiyo iliyozipokea na kuzigeuza kuwa piano, fidla, filimbi, lolote ambalo Waya alilichagua kwenye skrini.

Mwezi wa saba Matroni wa hospitali alikuja hapo chumbani. Alikuwa ndiye kiongozi wa kwaya. Alikaa kwenye kiti cha pekee, akaweka mkoba magotini.

"Mahafali ya wauguzi yako mwezi wa kumi," alisema. "Sina mpiga kinanda. Mgeni simtaki, maana atanisumbua mpaka tuzoeane. Mjomba wako ananiambia amestaafu. Yule hajastaafu, amenuna."

"Mama, mimi nitamlazimishaje mtu mzima?"

"Sijasema umlazimishe. Nimesema nenda kamchukue."

Waya alikwenda siku iliyofuata asubuhi. Mlango ulifunguliwa na mkewe Mjomba, ufagio mkononi, naye hakungoja hata salamu ziishe. "Unakuja kumchukua? Mchukue. Anashinda kwenye kile kiti ananifundisha kufagia."

"Shikamoo, Mjomba," Waya alisema akiingia.

"Marahaba. Nimesikia. Mimi mguu umekatwa, masikio yapo."

Walibishana nusu saa. Mwishowe Mjomba alikubali kwenda kukiona tu hicho kinanda kisicho na sauti. "Mguu wa bandia, kinanda cha bandia," alisema akivaa kofia. "Mwisho mtaniletea na mke wa bandia."

"Aje," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Naye afue soksi moja moja."

Pale chumbani Mjomba alipiga wimbo mmoja wa kwaya, na vidole vilikuwa vizima kabisa. Ila muziki ulitoka mkavu. Kila alipohamisha mkono kwenda kwenye noti nyingine, zile za nyuma zilikatika papo hapo kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Mpiga piano hutegemea pedali ya chini: akiikanyaga, noti zinaendelea kulia hata vidole vikiondoka. Pedali ilikuwepo, na Waya aliisogeza karibu. Mjomba alijaribu. Mguu wa bandia ulifika umechelewa, au ulifika na kulala palepale usiondoke.

"Huu haujui kama umekanyaga au haujakanyaga," alisema. "Inabidi niangalie chini, kama natafuta sindano iliyodondoka."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto ndio unaonishikilia nisianguke kitini. Nikiupinda hivi, goti linavimba. Daktari kaniambia niutunze kama yai, maana sina mwingine wa akiba."

Waya hakuona tatizo. "Basi wewe piga tu, Mjomba. Kukanyaga niachie mimi."

Alimrekodi nyimbo tatu. Mzee alipoondoka, Waya alifungua habari za midi kwenye skrini na kuanza kuchora pedali kwa kipanya: mstari mmoja kila mahali sauti zilipotakiwa kushikiliwa, mstari ukikatika pale wimbo ulipobadilika. Ilikuwa kazi ya kila siku kwake. Kwenye matangazo ya redio alikuwa amechora mistari ya namna hiyo mamia, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Kesho yake Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipofika katikati alinyoosha mkono.

"Zima. Huyo anayepiga ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba."

"Vidole ni vyangu. Mguu ni wa nani?"

Waya alimwonyesha mistari. Mzee aliitazama kwa muda, kisha akachukua fimbo yake. "Mmenikata mguu mara moja," alisema. "Sikujua kuna mara ya pili." Akatoka, na fimbo yake ikasikika ikigonga ukumbini mpaka nje.

Maneno hayo yalimchoma Waya, na kwa siku chache alijitetea moyoni. Alikuwa amefanya kosa gani? Alisaidia, na tena bila kuombwa. Wiki ya pili, akisubiri sauti ya mwigizaji mmoja wa redio, alitafuta rekodi ya zamani ya kwaya, ya mwaka ambao Mjomba alikuwa na miguu miwili. Aliiweka kando ya ile aliyoichora yeye. Wimbo mmoja, mkono mmoja. Kwenye rekodi ya zamani sauti zilishikana kama watu wanaopokezana mzigo. Kwenye ya kwake, kila mahali wimbo ulipobadilika palikuwa na upenyo mdogo sana, sehemu ndogo ya sekunde, lakini ukishausikia huwezi tena kuusahau. Alirudia mara kumi, akaona aibu peke yake mle chumbani. Hakuelewa upenyo ule ulitoka wapi, kwa kuwa mistari yake ilikatika sawasawa kwenye mapigo, bila kukosea hata kidogo.

Alikwenda kwa Mjomba mchana, akamkuta mezani.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Na kuuliza. Mimi nachora pedali kila siku, lakini sijawahi kuikanyaga. Inakanyagwaje?"

Mjomba alimwangalia kwa muda kuona kama anatania. Kisha akasukuma kikombe pembeni na kuweka viganja vyote viwili mezani.

"Huu wa kulia ni mkono. Huu wa kushoto ni mguu. Mguu uko chini, umekanyaga, sauti zinalia. Sasa mkono unataka kwenda kwenye noti mpya. Wewe ungeinua mguu lini?"

"Noti mpya inapoanza. Palepale."

"Ndiyo maana una mashimo." Alishusha kiganja cha kulia, na kilipokwisha kugusa meza ndipo akainua cha kushoto, akakirudisha chini. "Umeona? Mkono kwanza. Mguu hufuata mkono. Ukiinua pamoja nao, za zamani zimeshakufa na mpya haijasimama: shimo. Ukichelewa sana, za zamani zinachanganyika na mpya: tope. Barabara iko katikati hapo, nyembamba."

"Na mguu unajuaje kwamba sasa ni wakati?"

Mzee hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo. Alipiga wimbo mzima juu ya meza, bila sauti, akijisikiliza. "Besi," alisema mwishowe. "Kidole kidogo cha kushoto kikihamia noti nyingine ya chini, mguu unasafisha. Mara tisa katika kumi."

"Na ya kumi?"

"Ya kumi naamua mwenyewe. Ndiyo inayonitofautisha na paka aliyepita juu ya kinanda."

Waya alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Mkewe Mjomba alichungulia kuona kuna nini. "Mjomba, kile kidole kidogo bado unacho," Waya alisema. "Kidole ndicho kitakuwa mguu."

Programu yake ilikuwa na mahali ambapo mtu aliweza kuandika kanuni zake mwenyewe, zikakaa katikati ya kinanda na ala zilizo ndani ya kompyuta, zikizisoma habari za midi kabla hazijafika. Aliandika kwa siku tatu. Kanuni yenyewe ilielezeka kwa maneno machache: kila noti mpya ya besi ikigongwa, pedali iinuke, isubiri kidogo, ishuke tena. Besi ikiguswa taratibu sana, pedali ibaki palepale. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya ile mara ya kumi. Kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa kushoto, ambacho nyimbo za kwaya hazikukifikia, kikawa cha kuachia sauti zote.

Mjomba alirudi chumbani siku ya nne. Alikaa, akavuta pumzi, akapiga.

"Tope," alisema.

Muda wa kusubiri ulikuwa mfupi mno. Sauti za zamani hazikuwahi kufa. Waya aliuongeza mpaka sehemu mia mbili za elfu ya sekunde.

"Shimo. Vidole vimeshaondoka, na huo mguu wako bado unatafuta kiatu."

Akapunguza.

"Shimo dogo. Mtu atajikwaa."

Akapunguza tena, akaongeza kidogo, akapunguza. Mama yake Waya alikuja na chai, akaondoka, akarudi kuchukua vikombe, wao wako palepale, mmoja amefumba macho na mwingine ameshika kipanya. Kwenye tisini Mjomba hakusema neno. Alimaliza wimbo, akaanza mwingine, akaumaliza na huo. Mabega yalikuwa yameshuka, na kichwa kilianza kuyumba taratibu kama zamani, alipokuwa akiwaongoza watoto wa shule.

"Hapo," alisema. "Usiguse tena. Andika hiyo namba mahali."

Kuanzia hapo alifanya mazoezi na kwaya kila Jumatano. Waya alibeba kinanda, kompyuta na spika, na Matroni alimpangia mahali pa kukaa karibu na mzee. Kwa ajili ya kiapo cha wauguzi, Waya aliongeza fidla nene chini ya piano. Piano huishiwa pumzi yenyewe hata ukiishikilia. Fidla ya kompyuta haichoki. Noti za chini za fidla zingeshikwa na kanuni ileile, kila moja mpaka kidole chake kiwe kimepanda na besi nyingine igongwe.

Mahafali yalifanyika saa nne asubuhi katika ukumbi wa chuo. Wauguzi thelathini na wanane walisimama mbele, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata. Wazazi walijaa hadi kwenye ngazi. Kwaya iliimba nyimbo mbili, na watu waliomjua Mwalimu walinong'onezana na kunyoosha shingo wamwone miguuni. Hawakuona kitu, kitambaa cha meza iliyobeba kinanda kilikuwa kimefunika.

Kiapo kikaanza. Matroni alisoma sentensi, wauguzi wakarudia, na chini ya sauti zao Mjomba akapiga taratibu. Walikuwa kwenye sentensi ya tatu wakati mpiga picha, akirudi kinyumenyume ili awapate wote, alipokanyaga waya uliotoka kwenye kinanda. Ulichomoka. Waya aliuona, akaudaka na kuurudisha kabla mtu hajapepesa macho mara mbili.

Lakini katika muda huo mdogo Mjomba alikuwa ameinua kidole kutoka kwenye noti ya re, ile ya chini, na habari kwamba kidole kimepanda haikufika popote. Kwa kompyuta, re ilikuwa bado imeshikwa. Fidla ikaendelea nayo.

Mjomba aliigonga re tena na kuiachia. Haikunyamaza. Aligusa kibonyezo cha mwisho. Piano ilinyamaza, fidla ikabaki. Waya alishalitambua kosa, na lilikuwa lake. Kanuni yake ilihesabu vidole vinavyoshuka na vinavyopanda, na fidla haikuachiwa mpaka hesabu zilingane. Hesabu ilikuwa imepungukiwa mmoja, na hakuwahi kufikiri, katika siku tatu za kuandika, kwamba waya unaweza kuchomoka. Kwenye skrini palikuwa na kitufe chekundu cha kunyamazisha kila kitu. Kingeua re, na piano pamoja nayo, katikati ya kiapo, na kuirudisha hali sawa kungechukua muda. Aliweka kidole juu yake, akamtazama Mjomba.

Mzee alitikisa kichwa.

Besi iliyofuata kwenye wimbo ilikuwa sol, na sol na re hupatana, kwa hiyo hapo hakuna aliyesikia tatizo. Ila baada yake wimbo ulikuwa unaelekea mahali ambapo re ingekwaruza masikio ya ukumbi mzima. Mjomba hakwenda huko. Aliuacha wimbo wa kiapo, ule waliokuwa wameufanyia mazoezi miezi miwili, akaanza kupiga kitu ambacho Waya hakuwahi kukisikia. Mkono wa kulia ulipanda, ukazunguka, ukashuka kwenye re. Ukapanda kwa njia nyingine, ukashuka tena hapohapo. Mkono wa kushoto aliuweka juu zaidi, mbali na besi. Aliichukua ile noti iliyokwama kama sakafu, akatembea juu yake.

Matroni, akiwa bado anasoma, aligeuza jicho. Alikuwa ameimba na mtu huyu miaka ishirini. Kwaya ilitakiwa kuingia kwa mvumo kwenye sentensi ya mwisho, kwa sauti nne, na sauti hizo nne sasa hazikuwa na mahali pa kukaa. Ilipofika sentensi hiyo aliinua kidole kimoja tu. Wanakwaya walitazamana, kisha waimbaji wa besi wakaikamata re, wengine wakafuata, wote kwenye noti moja, midomo imefumbwa.

Kiapo kiliisha. Mjomba alishuka kwenye re mara ya mwisho, akamtazama mpwa wake, akainua mikono yote miwili kwa pamoja. Waya alibonyeza kitufe chekundu. Matroni akakunja ngumi, kwaya ikakata. Ukumbi ukanyamaza.

Baadaye, watu walipokuwa wakipigana picha uwanjani, Matroni alimfuata mzee kwenye kiti chake. "Mwalimu, ule wimbo wa kiapo ni wa nani? Wageni wameniuliza."

"Ule ulikuwa ubovu," Mjomba alisema.

"Basi mwakani niletee ubovu huohuo."

Waya alikuwa amechutama nyuma ya spika, akikunja waya ambao ulishakunjwa. Mjomba alimwita. Alikuja akiwa amejiandaa kusemwa.

"Nisamehe, Mjomba. Kosa ni langu, si la mpiga picha. Sikuandika vizuri."

"Kaa hapa." Alimpisha pembeni ya kiti. "Unadhani nilipokuwa na mguu wangu pedali haikuwahi kukwama? Iliwahi kukwama kwenye mazishi. Springi ilikatika, kila noti niliyoigusa ikabaki inalia, na marehemu alikuwa mkuu wangu wa shule. Nilitokaje? Nilipiga noti chache. Mjane akaniambia sijawahi kupiga vizuri hivyo."

Waya alicheka, na machozi yakamtoka humohumo. Mjomba alimpa kitambaa.

Njiani kurudi, kwenye gari la hospitali, vidole vya mzee viligongagonga goti kama kinanda. Mkewe alimuuliza kama mguu unamuuma.

"Upi?" Mjomba alisema, kisha akajitazama chini. "Hauumi. Nilikuwa nimeusahau. Tangu yule mpiga picha apite mpaka sasa hivi, nilikuwa nimeusahau kabisa."

Mkewe alimshika mkono. Kisha akaligeukia dirisha.

Wiki iliyofuata Waya aliandika upya sehemu ile ya kuhesabu, na akanunua utepe mpana wa kubandika nyaya sakafuni. Mjomba alipima: aliuchomoa waya kwa makusudi katikati ya wimbo mara kumi na moja, kila safari akitafuta namna mpya ya kuikosesha kompyuta, na alipokosa alionekana kama mtu aliyenyimwa. Walijaribu pia kuurekodi ule muziki wa ukumbini. Alikaa, akaiwekea re mahali pake, akatafuta. Haukurudi. Walichopata kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa kingine, na wakakirekodi hivyohivyo.

Mwisho wa mwezi wauguzi wawili wapya walibisha hodi nyumbani kwa Mjomba wakiwa bado na sare za zamu. Walitaka kujua kama Mwalimu anafundisha watu wazima ambao hawajawahi kugusa kinanda.

"Mna miguu?" aliwauliza.

Walitazamana. "Tunayo, Mwalimu."

"Basi mtachelewa kidogo kujifunza, lakini njooni Jumamosi."

"Hapa ndani?" mkewe alisema. "Na hayo makelele nitayaweka wapi?"

Jumamosi walikuja saba. Alisogeza meza ukutani mwenyewe, akafungua dirisha, akawapanga kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza.